Kipimo cha dhahabu zizini: mwongozo kamili wa kupima sotoka, mdondo na kutupa mimba kwa vipimo vya haraka huku kwetu Pemba

Wiki mbili tatu kabla ya Idi Kubwa ndo mbuzi wanaingia Pemba kwa wingi, wengine wanashuka Wete na Mkoani na makaratasi yao, wengine wanateremshwa usiku bandari bubu na hakuna anaejua walikotoka, halafu siku kumi mbele unaanza kusikia mbuzi wa fulani anatoka machozi, wa fulani anaharisha. Mwaka mmoja na mie nilinunua mabeberu wawili namna hiyo, nikawachanganya siku ile ile na wangu tisa, na mwezi haukwisha nikabaki na wanne. Hakuna aliepima. Nilihisi ni sotoka lakini kuhisi si kujua, na tangu hapo nimekuwa nafatilia sana hivi vipimo vya haraka vya mifugo, nimevitumia kwa mbuzi, kuku na ng'ombe wa majirani pamoja na bwana mifugo wetu, na nimeona watu wengi wanavitumia vibaya. Wanatia tone, wanaangalia mstari, basi. Wakati mstari ni robo ya kazi tu, kazi yenyewe iko kabla yake na baada yake.

Kwa hiyo ntaeleza yote, taratibu, mana hii kitu ikitumika sawa inaokoa zizi zima.

Kwanza, ndani ya kile kiplastiki mna nini

Kama ushawahi kupimwa malaria kituo cha afya, ukatobolewa kidole, damu ikatiwa kwenye kikaseti cheupe na maji matone mawili matatu, basi nanoteknolojia ushaitumia zamani. Kipimo cha mbuzi ni ndugu yake yule yule.

Rangi nyekundu unayoiona kwenye mstari sio wino. Ni dhahabu, dhahabu hii hii ya sonara, ila imefanywa vichembe vidogo mno, kawaida vya nanomita 20 mpaka 40. Nanomita moja ni mita moja uigawe mara bilioni moja. Unywele wa mtu una upana wa kama nanomita 80,000, kwa hiyo vichembe vya nanomita 40 ukivipanga mstari mmoja kukata unywele vinaingia kama 2,000. Dhahabu ikiwa ndogo hivo haing'ai manjano tena, inakula mwanga wa kijani na sie tunaona nyekundu, ya kukoza kama juisi ya choya. Si jambo la leo wala la jana, Michael Faraday aliandika kuhusu maji mekundu ya dhahabu kule London mwaka 1857, isipokuwa matumizi ya kupimia magonjwa ndo yamekuja karne iliofata.

Sasa kila kichembe cha dhahabu kimevishwa kingamwili, yani vile viaskari ambavyo mwili unatengeneza kukamata kirusi au bakteria fulani tu na sio mwengine. Ukitia tone la sampuli linapita kwanza pale dhahabu ilipokaushwa, dhahabu inaamka, kama kirusi kipo inakikamata, halafu vyote vinasafiri juu ya utepe mweupe wa nitroselulosi. Fikiria wando la kutegea samaki. Maji yanavuta, samaki wanafata maji, wakifika kwenye uzio wananasa. Pale penye herufi T pamepigwa mstari wa kingamwili nyengine ambayo nayo inakikamata kirusi kile kile, dhahabu yenye kirusi inanasa hapo, inarundikana, na unaona mstari mwekundu. Dhahabu isiyo na kirusi inapita, inaenda kunasa mbele kwenye C, ambapo panakamata dhahabu yoyote ile. Kwa hiyo C inakwambia maji yamefika na dhahabu iko hai, haikwambii chochote kuhusu mbuzi wako. Watu wanachanganya hapa kila siku.

Hayo ndo yote ya kisayansi unayohitaji. Ukiyaelewa hayo, masharti yote ya chini utaona yana sababu.

Hatua ya mwanzo: jua unauliza suali gani

Kipimo kimoja kinajibu suali moja la ugonjwa mmoja, hakuna kaseti ya "mbuzi wangu ana nini". Na kuna aina mbili, hili lishike sana. Kuna kinachotafuta mdudu mwenyewe, yani antijeni, na kuna kinachotafuta kingamwili alizotengeneza mnyama baada ya kukutana na mdudu. Cha antijeni kinakwambia ugonjwa upo sasa hivi. Cha kingamwili kinakwambia mnyama huyu ashawahi kukutana nao, au ashawahi kuchanjwa, na mara nyingi hakiwezi kutofautisha hayo mawili.

Mfano, mtu ana mbuzi waliochanjwa sotoka mwaka jana, ananunua kipimo cha kingamwili cha sotoka, anapima, wote wanatoka mistari miwili, anaanza kulia. Hawaumwi! Chanjo imefanya kazi yake, na chanjo ya sotoka inalinda miaka mitatu na zaidi. Hapo alihitaji kipimo cha antijeni, cha swabu ya machozi, yani kile kijiti chenye pamba.

Kwa kifupi kwa maradhi yanayotusumbua: sotoka ya mbuzi na kondoo, ile wengine wanaita PPR, tafuta cha antijeni. Mdondo wa kuku, au kideri, antijeni vile vile. Ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe, antijeni, kwa majimaji au ngozi ya lengelenge jipya. Brusela, yani kutupa mimba, vingi vinatafuta kingamwili kwenye damu, na hapo inafaa kwa sababu mnyama mwenye brusela anakaa nayo muda mrefu. Ndigana kali inayotuulia ndama wengi hapa visiwani, mie sishauri uhangaike na kaseti, mwite mtaalamu achukue majimaji ya tezi iliovimba na tone la damu aangalie kwa hadubini, ni haraka na jibu lake linajulikana, na ndama wa ndigana hana siku nyingi za kusubiri.

Kununua na kuhifadhi

Usinunue kabla ya kuongea na afisa mifugo wa wilaya yako. Yeye anajua kipi kinakubalika na majibu yake yatapokelewa wapi. Mie niliwahi kuuziwa boksi na duka moja, maelezo yote kwa lugha ambayo hata muuzaji haijui, kumbe ni vipimo vya mbwa. Pesa ikaenda.

Ukilishika boksi angalia limeandikwa mnyama gani na sampuli gani, angalia tarehe ya mwisho, angalia kila kaseti iko kwenye pakiti yake iliofungwa na ndani mna kile kipakiti kidogo cha kunyonya unyevu. Pakiti iliotoboka tupa, hata kama tundu ni la sindano. Unyevu ndo adui mkubwa, na sie tunaishi kisiwani, wakati wa masika hata chumvi mezani inageuka maji. Kaseti ukishaifungua itumie ndani ya muda ulioandikwa, usifungue tano kwa pamoja ati kurahisisha kazi.

Joto nalo. Vingi vinataka vikae kati ya digrii 2 na 30. Kaskazi ikipamba moto huku kwetu nyumba ya bati inapita hapo mchana kweupe, na ndani ya gari lililofungwa juani ndo usiseme. Kingamwili ni protini, ikipikwa imekwisha, kama yai, hairudi. Na ubaya wake ni kwamba C inaweza kutoka vizuri tu lakini T ikawa ishakufa, ukaambiwa mbuzi mzima na ni mgonjwa. Mie naviweka kwenye kulboksi na chupa ya maji baridi, sio barafu iliogusana navyo, kugandisha pia kunaharibu. Kama vimetoka kwenye friji viache nusu saa bila kufungua pakiti mpaka vizoee joto la nje, ukifungua vikiwa baridi vinatoa jasho ndani na utepe unalowa kabla ya kazi.

Kuchagua mnyama wa kupima, hapa ndo wengi tunapokosea

Jirani yangu bibi mmoja wa Wingwi kuku wake walianza kufa, akaniita siku ya nane. Nikachukua swabu kwa kuku watatu waliokuwa wamesimama na shingo imepinda lakini wanakula. Wote mstari mmoja. Bibi akaniangalia, "Mwanangu, mbona hicho kidude chako kinasema hawana kitu na nimeshafukia kuku kumi na nne?" Na alikuwa na haki. Wale watatu walikuwa ndo waliopona, kirusi kimeshapungua mwilini, shingo imebaki kupinda tu kama kovu. Nilitakiwa nitafute kuku alieanza kuumwa leo au jana, aliejikunyata, manyoya yamesimama, anahema kwa mdomo, anaharisha kijani. Jioni akatokea mmoja wa hivo, nikapima, mstari wa T ukatoka hata dakika tano hazijafika.

Kwa hiyo kanuni, mgonjwa mpya ndo mwenye mdudu mwingi. Mbuzi wa sotoka mchukue siku za mwanzo za homa, machozi yakiwa bado maji maji. Mbuzi mzima ana joto la kama digrii 39, ukikuta 40 na nusu au 41, machozi na makamasi yanatiririka, huyo ndo wako. Akishafika siku ambazo macho yamegandana usaha na anaharisha na kuhema unaweza bado kupata lakini nafasi inapungua. Lengelenge la ng'ombe likishapasuka siku tatu nne na kuanza kukauka kirusi kimepungua sana, tafuta lengelenge ambalo bado lina maji au limepasuka leo.

Pima watatu mpaka watano, usitegemee mmoja. Na uliza maswali mawili kabla ya kugusa mnyama yeyote: amechanjwa lini, ametibiwa kwa nini. Kuku aliechanjwa tone la jicho wiki hii ana kirusi hai cha chanjo usoni, unaweza kukikamata hicho na ukasema ni mdondo. Ng'ombe aliezaa au aliotupa mimba juzi juzi anaweza kuonekana hana brusela na anayo, rudia baada ya wiki tatu nne.

Kujiandaa

Daftari kwanza. Tarehe, shehia, jina la mwenye mnyama, alama ya mnyama, umri, dalili, siku ngapi anaumwa, chanjo, namba ya toleo la kaseti. Unaweza kuona ni urasimu lakini siku daktari wa mifugo akikuuliza "kaseti hizi za toleo gani" na huna jibu, kazi yako yote inakuwa hadithi.

Glovu kila mnyama mpya, sio kila zizi. Sotoka haimpati mtu lakini mikono yako inaihamisha kutoka mbuzi hadi mbuzi. Brusela inampata mtu, na inampata vibaya, homa inayokuja na kuondoka, jasho usiku, viungo vinauma miezi. Kama unaingia kwa ng'ombe aliotupa mimba vaa glovu ndefu, barakoa, kitu cha kukinga macho na buti, usishike kondo kwa mkono mtupu, na mama mja mzito asikaribie kabisa. Kuku wengi wakifa ghafla fikiria na mafua ya ndege, usichinje mgonjwa kwa kuwahi nyama.

Meza iliotulia chini ya kivuli, saa au simu ya kuhesabu dakika. Usifanyie juu ya bega la gari ya ng'ombe.

Kuchukua sampuli

Mbuzi: mtu mmoja amshike kichwa, kidevu kimeinuliwa kidogo. Vuta kigubiko cha chini cha jicho, pitisha swabu taratibu kwenye ile nyama nyekundu ya ndani mpaka pamba ilowe machozi, usikwaruze. Kama maelezo ya boksi yanaruhusu pua, futa uchafu wa nje kwanza halafu ingiza swabu safi kidogo pembeni mwa tundu. Pamba kavu ni sampuli tupu, usijidanganye.

Kuku: fungua mdomo, zungusha swabu kwenye koo na ule ufa wa juu ya kinywa. Kwa nyuma, ingiza taratibu kwenye tundu la kinyesi uzungushe, pamba irudi na rangi lakini sio bonge la kinyesi. Kinyesi kingi kinaziba utepe, maji hayapandi, na C haitoki.

Ng'ombe wa brusela: damu ya mshipa wa shingo, na hiyo aitoe mtaalamu au aliefunzwa. Kama kipimo kinataka seramu, iache damu kwenye chupa imesimama kivulini mpaka igande na maji ya manjano yajitenge juu, usiitikise. Damu iliotikiswa inavunjika, seramu inakuwa nyekundu, na nyekundu juu ya utepe ambao unasoma nyekundu utaona nini?

Lengelenge: kipande kidogo cha ngozi yake kinasagwa kwenye bafa iliokuja na boksi. Iliokuja na boksi, nasisitiza. Bafa sio maji. Ina chumvi na sabuni maalumu za kufungua mdudu na kuizuia dhahabu isigande ovyo. Nshaona mtu bafa imemwisha akatia maji ya kisima, mistari ikatoka miwili kwa mbuzi, kwa kondoo na kwa maji yenyewe.

Kuendesha kipimo

Tumbukiza swabu kwenye kichupa cha bafa, zungusha kama mara kumi na tano, iminye ukutani wakati wa kuitoa, iache dakika moja uchafu utulie chini. Fungua pakiti ya kaseti, iweke bapa mezani, iandikie namba ya mnyama kwa kalamu kabla ya kutia chochote. Tia matone kama boksi linavosema, kawaida matatu au manne, moja moja, kichupa kimesimama wima, povu lisiingie. Washa saa hapo hapo.

Usiiinamishe, usiipulize, usiipeleke juani ati iwahi. Mwendo wa maji ni ule ule utepe uliotengenezewa, ukiuharakisha dhahabu inapita T bila kupata muda wa kunasa. Kama dakika mbili zimepita na hujaona wekundu unatembea, ongeza tone moja la bafa, basi.

Soma kwenye dakika ulizoambiwa, vingi ni 10 mpaka 20. Piga picha hapo hapo na namba ionekane. Ukiirudia kaseti ile ile jioni unaweza kukuta mstari wa kijivu kwenye T ambao haukuwepo, huo ni utepe umekauka, sio ugonjwa. Mtu mmoja alichinja mbuzi kwa mstari wa namna hiyo.

Kusoma

C peke yake, hakikuonekana kitu. C na T, kimeonekana. T peke yake au patupu kabisa, kipimo kimeharibika, chukua kaseti nyengine. T hafifu ya pinki ndani ya muda nayo ni T, ugonjwa unaonekana, usiseme "nusu mgonjwa". Isipokuwa hafifu ndo ya kurudia kwa kaseti nyengine na kwa mnyama mwengine mwenye dalili hizo hizo.

Na kuna kisa kimoja cha ajabu lakini ni kweli. Mdudu akiwa mwingi kupita kiasi T inaweza kufifia au isitoke. Sababu, dhahabu yote imeshika virusi, na uzio wa T nao umejaa virusi vilivokuja mikono mitupu bila dhahabu, kwa hiyo hakuna nafasi ya dhahabu kunasa. Kama mnyama anaonekana mgonjwa wazi wazi, kuku wanaanguka pembeni yake na kaseti inasema hakuna, chukua tone la sampuli ile ile ulichanganye na bafa zaidi, mara kumi hivi, upime tena. Wachache sana wanafanya hivi na wangepaswa.

Majibu yana maana gani, hesabu kidogo

Tuchukulie, ni mfano tu wa hesabu, una kipimo kinachokamata wagonjwa 90 katika kila 100, na kinawasingizia wazima 3 katika kila 100. Ukipima mbuzi 100 wasio na dalili, na kweli wagonjwa ni watano, utawapata wanne au watano. Lakini katika wale 95 wazima utawasingizia kama watatu. Yani kama minne katika kila mistari kumi uliyoipata ni ya uongo, na kipimo ni kile kile kizuri. Sasa kipeleke kwenye zizi ambalo 60 katika 100 wana homa na machozi, na kweli ni sotoka. Utapata mistari kama 54 ya kweli na mmoja wa uongo. Kwa hiyo dalili na kipimo vinashikana mikono, ukimpima kila mbuzi mzima kijijini kwa shauku tu utajitia wasiwasi wa bure.

Upande wa pili ndo hatari zaidi. Kaseti ina macho dhaifu kuliko PCR, yani kile kipimo cha maabara kinachozidisha vinasaba vya mdudu mpaka vionekane, inahitaji mdudu mwingi ndo ione. Kwa hiyo "hakuna" kwa mnyama mwenye dalili haimfungulii mlango wa zizi. Anabaki ametengwa, unapima tena baada ya siku moja mbili, unapima na wenzake, unapeleka sampuli maabara. Homa ya mapafu ya mbuzi na vidonda vya mdomo vya orf navyo vinafanana na sotoka kwa mbali, labda unauliza suali sio.

Mstari umetoka, sasa ufanye nini

Saa ile ile, tenga. Banda jengine, ndoo nyengine, mtu mwengine wa kuwalisha, na kama huna mtu mwengine basi anza na wazima umalizie wagonjwa, usirudi nyuma. Hakuna kuuza, hakuna kutoa zawadi, hakuna kupeleka malishoni pa pamoja. Najua inauma, najua ada ya skuli iko kwenye yule mbuzi, lakini ukimuuza Konde leo wiki ijayo unaua zizi la mwenzako na keshokutwa ugonjwa unakurudia.

Piga simu kwa afisa mifugo na kwa sheha. Sotoka ni ugonjwa wa kuripotiwa, dunia nzima ipo kwenye mpango wa kuufuta ifikapo 2030, chini ya FAO, shirika la dunia la chakula na kilimo, na WOAH, la afya ya wanyama, na hilo linawezekana kwa sababu sotoka ya ng'ombe ilishafutwa, ikatangazwa 2011, na hata huko kipimo cha machozi pembeni ya zizi kilitumika, ingawa wakati huo vichembe vyake vilikuwa vya lateksi, sio dhahabu. Kaseti yako haitoshi kutangaza mlipuko, inatosha kumfanya mtaalamu aje leo badala ya wiki ijayo. Atachukua sampuli za maabara, ya mifugo iko Maruhubi Unguja, na safari ya boti inataka kulboksi yenye barafu na vichupa vimefungwa mara mbili, vimeandikwa kwa kalamu isiyofutika.

Sotoka haina dawa ya kirusi. Antibiotiki anazotoa daktari ni za vile vidudu vinavofatia kwenye mapafu, na maji ya chumvi na sukari kwa anaeharisha yanaokoa wengi. Mdondo hauna dawa kabisa, usimpe mtu pesa ya kukuuzia. Mizoga ichomwe au ifukiwe kina kirefu mbali na kisima, banda lifutwe kinyesi kwanza ndo utie dawa ya kuua vijidudu, mana dawa juu ya kinyesi haifiki. Baadae uanze chanjo, ya mdondo aina ya I-2 ni tone moja la jicho kila miezi mitatu, na inavumilia joto kuliko nyengine, kwa kuku wa kienyeji ndo yenyewe.

Brusela ikionekana, maziwa yachemshwe mpaka yatokote, na ya mtindi yachemshwe kabla ya kugandishwa. Aliekunywa mabichi na ana homa aende hospitali aseme wazi "ng'ombe wetu amepimwa brusela", bila hivo atatibiwa malaria mwezi mzima. Ng'ombe mwenyewe ni wa kuondolewa kwenye kundi kwa ushauri wa daktari, sio kuuzwa kwa jirani.

Wageni wa zizi

Sie tuna bahati ya bahari. Unguja mbung'o walimalizwa kwa madume tasa zaidi ya milioni 8 yaliomwagwa kwa ndege kuanzia 1994, mbung'o wa mwisho akanaswa 1996, na kilichohakikisha kwamba wamekwisha kweli ni mitego na ng'ombe wa kuangalizia waliopimwa damu tena na tena. Kupima ndo kulithibitisha. Na bahari hii hii ikitobolewa na bandari bubu haina kazi.

Kwa hiyo mnyama mpya yeyote, hata wa Idi, wiki tatu peke yake. Usimpime siku ya kushuka tu ukaridhika, kama alikutana na ugonjwa juzi kaseti haioni kitu, sotoka inajificha siku nne mpaka sita kwa kawaida na huweza kuchelewa. Mpime joto kila asubuhi, siku homa ikipanda ndo toa kaseti. Namna hii boksi la vipimo kumi linakutosha muda mrefu.

Hivi vyengine vinavosikika, visomaji vya simu vinavopima wekundu wa mstari kwa kamera, vichembe vya sumaku vinavovuta virusi kwenye sampuli ya maji mengi, vichembe vinavowaka kwa mwanga wa taa maalumu, vyote vipo na vinaboreshwa, na kisomaji cha simu mie kingenifurahisha kwa ile mistari hafifu. Lakini vyote vinataka swabu ilolowa machozi ya mbuzi sahihi.

Taka

Usitupe kaseti jaani, watoto wanazichukua kuchezea. Zikusanye na swabu na glovu kwenye chombo kigumu chenye mfuniko, sindano kwenye boksi lake la usalama, na ongea na kituo cha afya kilicho karibu wakuchomee pamoja na taka zao. Usimwagie jiki kwenye vichupa vya bafa, baadhi zina kemikali zisizopatana nayo na zinatoa hewa ya sumu. Meza na buti ndo uzipige dawa, nguo uzifue kwa maji ya moto kabla hujaingia kwenye zizi lako mwenyewe.

Halafu rudi kwenye daftari. Acha safu moja tupu pembeni ya kila jibu la kaseti, majibu ya maabara yakija uyaandike hapo hata kama yamekupinga. Langu lina kurasa mbili ambazo kaseti ilisema hakuna na maabara ikasema ipo, na kwenye zote mbili, nikisoma safu ya "siku ngapi anaumwa", nimeandika saba na tisa.